Zizi Ambalo Sikulichora

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama kwenye shamba la watu nikiwa na miaka ishirini na sita, kofia kichwani, suruali ya jinzi, chombo cha kupimia ardhi mbele yangu juu ya miguu yake mitatu, najiona kwamba Shinyanga nzima hakuna mwanamke mwingine aliyesoma. Cheka tu. Hata mimi nikiikumbuka ile kofia nacheka. Lakini yaliyofuata sijawahi kuyacheka, na wala nisingekusimulia kama juzi usingeniletea ramani yako ya kile chuo cha kule Geita, ukaitandaza mezani kwangu na kuniuliza, "Shangazi, imekaaje?"

Nilikujibu imekaa vizuri. Ni kweli imekaa vizuri, mistari imenyooka, rangi zinapendeza, kompyuta imefanya kazi yake. Ila nilikuona umeshangaa kwa nini sikuongeza neno. Nilinyamaza kwa sababu kuna kitu nilikuwa nakitafuta kwenye karatasi yako, kitu ambacho mimi nilikiacha nje ya karatasi yangu, na hata kwako sikukiona. Kaa basi nikueleze. Chai ipo, michembe ya viazi vitamu ipo, na hii mvua haina dalili ya kukatika leo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ndipo maneno ya vyuo vikuu huku kwetu mikoani yalipoanza kuvuma. Kulikuwa na chuo kimoja kati ya Mwadui na Shinyanga mjini, jina lake silitaji, wenyewe wapo na watoto wao wapo. Kilikuwa na madarasa machache ya tofali za kuchoma, mabweni mawili na jiko linalovuja. Lakini wakubwa wake walikuwa watu wa kuona mbali. Walisema tusijenge kama watu wanaosimika vibanda sokoni, leo hiki hapa, kesho kile pale, keshokutwa njia imeziba. Tuchore leo hiki chuo kitakavyokuwa baada ya miaka arobaini, kikiwa chuo kikuu, ili kila atakayekuja akute njia imeshaonyeshwa. Wazo zuri kabisa, mpaka leo nalisifu. Kijiji kikatoa ardhi, akaletwa mtaalamu wa mipango kutoka Dar es Salaam, akawa bosi wangu, na mimi nikawa mpimaji na mchoraji wake.

Tuliigawa kazi katika awamu nne. Ya kwanza madarasa mapya na bweni la wasichana, karibu na barabara ya lami. Ya pili maabara na nyumba za walimu. Ya tatu maktaba kubwa na barabara yake. Ya nne hospitali ya kufundishia na uwanja wa mahafali. Nilipokuwa naichora ile maktaba nilikuwa najua kabisa kwamba siku itakapofunguliwa nitakuwa na wajukuu. Raha ya kuchora kitu cha namna hiyo siwezi kukueleza, na wewe mwenyewe unaijua, nimeiona usoni kwako juzi. Ni raha inayolevya, mwanangu. Unakaa kitini ofisini, unapanga watu ambao hawajazaliwa watembee wapi.

Sasa pale maktaba ilipoangukia palikuwa na mji, yaani nyumba na uwanja wake, wa bibi mmoja. Tulimwita Mayu Holo. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi. Mwanawe wa pekee, Luhende, alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita kama vijana wote wa wakati ule, maana dhahabu ilikuwa imewaita na kila aliyekuwa na nguvu za kushika sururu aliitika. Pale nyumbani alibaki bibi peke yake na kuku wake, na zizi moja kubwa, tupu, limezungushiwa minyaa iliyokua mpaka kumpita mtu kimo. Zizi lile halikuwa limeona ng'ombe kwa miaka. Cha ajabu, ndani yake palikuwa pasafi. Kila asubuhi Mayu Holo aliingia na ufagio, akafagia, siku nyingine akanyunyiza maji ya unga, akasema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, kisha akatoka na kuendelea na shughuli zake.

Nilimtazama kwa macho ya msomi. Nikajisemea, kweli uzee ni kazi, huyu bibi anafagia zizi la ng'ombe walioliwa zamani!

Siku ya kupima eneo lake nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanawane," akaniita mwanangu kwa Kisukuma. "Wewe ni wa kwa nani?"

Nikamtajia ukoo wa baba. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe ni mtoto wa nyumbani! Basi sina wasiwasi." Akaingia ndani akaniletea togwa kwenye kibuyu, nikanywa nimesimama, akanitazama ninavyokunywa kama vile mimi ndiye Luhende wake. Halafu akauliza barabara yetu itapita wapi. Nikamnyooshea mkono kutoka kwenye lami kuja mpaka pale tuliposimama. Akaufuata mkono wangu kwa macho.

"Zizi mliache, ng'wanawane," akasema.

"Mayu, si ng'ombe wenyewe hawapo?"

Nilisema nikitabasamu. Yeye hakutabasamu wala hakujibu. Aliokota kibuyu chake akaingia ndani, nami nikadhani yamekwisha, amekubali. Ilinichukua muda kuelewa kwamba bibi yule aliamini najua. Alishasikia ukoo wangu. Angewezaje kudhani kwamba mtoto wa Kisukuma, mtu mzima, hajui? Kwa hiyo aliposikia jibu langu aliona ninamdhihaki. Na mtu mzima akidhihakiwa na mtoto, mara nyingi hunyamaza tu.

Nilikuwa na fomu ya fidia mkononi. Ilikuwa na sehemu ya nyumba, sehemu ya miti, sehemu ya mazao, na sehemu ya makaburi. Nilipofika kwenye makaburi nikazungusha macho kutafuta saruji au msalaba. Sikuona. Nikaandika "hakuna", nikatia sahihi. Sikumuuliza mtu hata mmoja. Kuuliza si ujinga, tumeimba hivyo tangu shule ya msingi, lakini ukishavaa kofia ile kuuliza kunakuwa kama kujishusha. Tena nikaongeza kosa juu ya kosa: kwenye karatasi ya vipimo nilipima nyumba, kisima, njia ya miguu, hata banda la kuku, ila zizi sikulipima. Niliona kichaka tu. Minyaa ina utomvu unaochoma macho, na jua lilikuwa kali, nikaona nani apitishe utepe mle. Nikakunja vifaa vyangu nikaenda.

Kutokujua kwangu kulikuwa na chanzo chake, na nakutajia si kwa kujitetea. Mimi nilizaliwa na kukulia Mwadui, ambako baba alikuwa fundi kwenye mgodi wa almasi. Maji ya bomba, umeme, shule nzuri, hospitali, sinema za Jumamosi. Baba alitaka tuwe watoto wa Kiswahili na Kiingereza. Kisukuma tulikiokota kwa majirani, vipande vipande. Kijijini kwao tulipelekwa mara mbili, tukalia mbu, tukarudishwa. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Sisi hatukuziacha, mwanangu, hatukukabidhiwa.

Basi Jumapili ile nikaenda kumsalimia baba. Alikuwa amestaafu, amejenga Ngokolo, mama ametangulia mbele ya haki, yeye anaishi na redio yake. Nikampikia ugali na sato, tukakaa kula. Nikaanza kumsimulia kazi yangu, ile maktaba, ile miaka arobaini, naye akawa anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha, ili nimchekeshe, nikamwingiza Mayu Holo. Nikasimama nikamwigiza bibi anavyofagia zizi tupu, anavyolisemesha. Nilikuwa hodari wa kuigiza, Mungu anisamehe.

Baba alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani.

"Mume wa huyo mama yuko wapi?"

"Alishafariki, baba, zamani."

"Sikukuuliza amefariki lini. Nimekuuliza yuko wapi."

Nikabaki nimesimama na ufagio wangu wa maigizo mkononi.

"Kwetu sisi," baba akasema, "mwenye mji akifa anazikwa zizini. Hawekewi msalaba, hawekewi saruji. Ng'ombe wake wanapita juu yake, na hiyo ndiyo heshima yake. Babu yako yuko zizini. Baba yake babu yako yuko zizini. Wewe umesoma miaka yote hiyo, ni nani aliyekufundisha kumcheka mjane anayefagia kaburi la mumewe?"

Machozi yalinitoka palepale. Nikasema kitu ambacho mpaka leo natamani ningekimeza. Nikasema, "Baba, hukuwahi kuniambia."

Aliangalia mikono yake. "Ni kweli," akasema. "Sikukwambia. Nilidhani nakuondolea mzigo. Hilo ni langu, nitalijibu mimi. Lakini kumcheka ni lako. Na sasa unajua. Kesho ukifika kazini mwambie bosi wako aihamishe hiyo barabara. Kesho, unanisikia? Si keshokutwa."

"Nimesikia, baba."

Na hapa ndipo penye kosa lenyewe, mwanangu. Mpaka hapo unaweza kusema nilikuwa mjinga, na ujinga una dawa. Ninachokusimulia kuanzia sasa si ujinga.

Siku hizi mnafuta kwa kidole, kitu kinapotea kama hakikuwahi kuwepo. Sisi tulichora kwa wino kwenye ile karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na ukikosea unakwangua wino kwa wembe, taratibu, na ukishakwangua kovu linabaki. Bosi wangu alikuwa mtu mwema lakini makovu hayo alikuwa hayapendi. Kuisogeza barabara ile hatua arobaini kulimaanisha maktaba nayo isogee, mtaro wa maji usogee, karatasi nne zichorwe upya kutoka mwanzo. Hata hivyo Jumatatu nilitoka nyumbani nimejiandaa, maneno nimeshayapanga.

Nikafungua mlango wa ofisi nikakuta wageni. Mkuu wa chuo yupo, wajumbe wa bodi yake wapo, karatasi zangu zimetandazwa mezani, wameziinamia. Bosi aliponiona akasema, "Huyu hapa! Mkono wote mnaouona ni wa binti huyu." Wakanipigia makofi. Mzee mmoja wa bodi akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile, tena ya mtoto wa hapa hapa nyumbani. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika ofisi ile. Wapo walioapa kwamba sitamaliza hata mwaka. Na kwenye jalada, chini ya neno "hakuna", palikuwa na sahihi yangu.

Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake bosi alikuwa na safari. Siku iliyofuata nikamkuta peke yake, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama anataka chai. Baada ya hapo nikajitafutia hoja, na msomi hakosi hoja. Nikajiambia maktaba ni awamu ya tatu, miaka ishirini mbele, wasiwasi wa nini? Siku moja ramani itapitiwa upya, nitachomeka marekebisho kimyakimya, hakuna atakayejua kama nilikosea. Jumapili iliyofuata baba akaniuliza, "Umemwambia?" Nikajibu, "Nashughulikia, baba." Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilikuwa nasubiri nini? Zilipita wiki mbili.

Kumbe chuo kilikuwa kimekodi greda kwa ajili ya barabara ya awamu ya kwanza tu. Kazi ikaisha kabla ya muda. Mkuu wa chuo, naye kwa nia njema kabisa, akasema mashine ipo, mafuta yapo, dereva yupo, kwa nini tusifungue barabara zote za ramani sasa hivi, tupate kuona chuo chetu kitakavyokuwa? Wakampa dereva nakala ya ramani yangu. Barabara za miaka arobaini zikafunguliwa kwa siku moja.

Nilipata habari saa nane mchana nikiwa mjini, nimekwenda dukani kwa Mhindi kununua wino. Fundi mmoja wa pale chuoni alikuja kununua misumari, akanipongeza, "Dada, barabara zako zimeshaonekana, mpaka ile ya maktaba." Niliuacha wino juu ya kaunta. Nikapanda pikapu ya kwanza iliyokuwa inaelekea huko, nikasimama nyuma na magunia ya pamba, nikawa naomba njia nzima.

Nikakuta greda limeshaondoka. Pale palipokuwa na zizi palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa, mpana, umenyooka kama nilivyouchora. Minyaa ilikuwa imelala pembeni kwenye lundo, imevunjikavunjika, inatoa utomvu mweupe. Dereva hakuwa na kosa, hakukuwa na alama yoyote ya kumwonya. Mayu Holo alikuwa ameketi chini karibu na lundo lile, mikono kichwani. Hakuwa analia. Majirani wawili walikuwa wamesimama mbali kidogo.

Nikapiga magoti mbele yake. Akaniangalia kwa muda, kama anatafuta kitu usoni kwangu.

"Ng'wanawane," akasema, "ulikuwa unajua kuwa yumo humu?"

Mwanangu, mimi nimeulizwa maswali mengi maishani. Nimeulizwa na walimu, na mahakimu kwenye kesi za mipaka, na mume wangu, na madaktari. Sijawahi kuulizwa swali jepesi kuliko lile. Jibu lake lilikuwa neno moja.

Nikasema, "Sikujua, mayu."

Alivuta pumzi ndefu, akanishika kichwa kwa mikono yake yenye utomvu. "Wabeja," akasema. "Wabeja, mwanangu. Nilidhani umenidharau. Kumbe hukujua. Asiyejua hana dhambi, Mungu akusamehe." Akanishukuru! Mimi nililia, na yeye akawa ananibembeleza, majirani wakasema jamani huyu dada ana huruma. Na kila aliponibembeleza nilizidi kulia, naye akadhani ni uchungu wake ninaoulia.

Jioni ile nilimwambia bosi kila kitu, wiki mbili zote. Nilitegemea anifukuze. Alivua miwani, akasugua macho. Akasema, "Kwa nini hukuniambia? Mstari ni mstari tu. Ningeusogeza asubuhi ileile, hata kama karatasi zingekuwa ishirini." Basi. Hakuniadhibu wala hakunitaja kwa mtu. Afadhali angenifukuza.

Mayu Holo hakukaa tena pale. Luhende alikuja kumchukua. Wakati ule alikuwa ameachana na mashimo na amefungua duka dogo Nyasubi, kule Kahama, anauza makarai na sururu kwa wachimbaji. Siku wanaondoka mimi sikwenda kuwaaga, nilijisingizia kazi. Nilisikia kwamba bibi aliomba jambo moja tu, kwamba akifa arudishwe alazwe karibu na mzee wake. Chuo kilijibu kwa heshima kwamba ardhi hiyo sasa ni ya chuo, na ramani haina eneo la makaburi. Ni kweli, haikuwa nalo. Ni mimi niliyeichora.

Ilipita miaka minne. Asubuhi moja mwanamume mrefu, ana kovu la jiwe kwenye paji la uso, akasimama mlangoni kwangu ofisini, akaniamkia kwa adabu na kuniuliza kama mimi ndiye mchora ramani. Nikamwambia ndiye.

"Mimi naitwa Luhende," akasema. "Mama amefariki mwezi uliopita. Tumemzika Kahama, kwenye makaburi ya mjini. Hakuwa na ndugu hata mmoja pale. Aliniambia nije nikutafute wewe. Alisema kuna dada mmoja alipiga magoti akalia naye, huyo atakusaidia."

Nikamwuliza anataka nimsaidie nini.

"Nionyeshe tu kwenye ramani yako baba yuko wapi. Nichukue udongo kidogo nikamwekee mama."

Nikaenda kwenye kabati nikatoa karatasi. Nilikuwa nimezitunza vizuri, hazikuwa na kovu hata moja. Nikazitandaza mezani, nikatafuta. Nyumba ipo. Kisima kipo. Banda la kuku lipo, nimeliandikia hata vipimo vyake. Luhende akawa anafuatisha kidole changu kwa macho, anasubiri. Nikafika mahali penyewe, na pale palikuwa peupe. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa kusema kuwa hapa palikuwa na zizi, hapa kuna mtu. Greda lilifuta zizi chini, lakini mimi nilikuwa nimeshalifuta kwenye karatasi kabla yake.

Tukaenda wenyewe chuoni. Nyumba ilikuwa imebomolewa, kisima kimefukiwa. Barabara ya maktaba ilikuwa imeota majani, hakuna aliyewahi kuitumia. Maktaba yenyewe haikuwa imejengwa. Nikuambie ukweli, mpaka leo haijajengwa. Fedha zilipopatikana waliona ni rahisi kujenga kule karibu na lami, na awamu ya tatu ilibaki kwenye makaratasi. Mzee wa Mayu Holo alifutiwa kaburi kupisha jengo ambalo halikuja.

Nilipima hatua kutoka kwenye jiwe la mpaka. Luhende akasema hapana, mlango wa zizi ulitazama mawio, nakumbuka jua lilikuwa linatupiga machoni tukitoa ng'ombe. Tukahama. Akasema labda ni kule zaidi. Tukahama tena. Jua likatuwakia, watu wazima wawili wanazunguka kwenye majani kama waliopoteza ufunguo. Ndipo nikaona siwezi tena. Nikamwambia palepale. Nikamwambia nilidanganya, nilijua wiki mbili kabla, na nilinyamaza kwa sababu ya makofi na wino.

Hakunipiga, hakunitukana. Aliuliza, "Wiki mbili?"

Nikasema, "Wiki mbili."

Akachuchumaa, akachota udongo mahali tulipokuwa tumefikia, akaufunga kwenye leso. Alipoinuka akasema, "Mama alikuwa anakuombea kila Jumapili. Alikuwa anakutaja kwa jina." Kisha akaniaga kwa adabu ileile aliyokuja nayo, akaenda kutafuta gari la Kahama. Sijamwona tena. Na kama ule udongo ulikuwa wa baba yake au wa kando ya njia tu, sijui, wala yeye hajui.

Sasa mwanangu, nimekuchosha. Lakini kesho kabla hujaipeleka ramani yako kwa wakubwa, nenda Geita. Siku ya kwanza usibebe karatasi. Tembea na mwenyeji mtu mzima, hasa akina mama waliobaki na miji wakati wanaume wamekwenda kutafuta, maana hao ndio wanaojua nani amelala wapi. Uliza hata kile unachodhani unakijua. Uliza zaidi ukiwa mtoto wa nyumbani, kwa kuwa hakuna atakayekufundisha akidhani umeshafundishwa. Kisha chora kila unachokikuta, hata kile utakachokiondoa. Usiwe na haraka ya kufungua ardhi ambayo zamu yake haijafika. Mtu anayepanga miaka arobaini hana sababu ya kuvunja mji wa mtu wiki hii. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama wanakupigia makofi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi nakuambia kuna ukuta mwingine huwezi kuujenga tena, hata uishi miaka mia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi ndefu na jina jema. Akupe masikio kwa wazee na ujasiri mbele ya wakubwa. Vyuo utakavyovichora vijae watoto wanaocheka, na siku mtu atakapokujia na kukuuliza aliyempoteza yuko wapi, Mungu akujalie uweze kumwonyesha.